Waliingia Kupitia Wapi? Shajara ya Mradi wa Kuandika Mashambulizi ya Tovuti

Januari, wiki ya kwanza

Tumekubaliana kazi ya mradi. Tutaandika kwa Kiswahili kila tukio la tovuti au programu ya wavuti kuvamiwa, mradi liwe limethibitishwa hadharani, na katika kila tukio tutajibu swali moja kabla ya mengine yote: waliingia kupitia wapi?

Swali hilo ndilo linalokosekana katika habari tunazosoma. Gazeti litasema wadukuzi wamevamia, litataja idadi ya wateja, litamnukuu msemaji akiwataka watu wasiwe na wasiwasi kwa kuwa hali imedhibitiwa. Fundi anayejenga tovuti ya chuo kule Kakamega au ya hospitali kule Tanga akimaliza kusoma habari hiyo, hana jambo hata moja la kwenda kukagua kwenye kazi yake. Anabaki na hofu tu, tena hofu ya kitu asichokijua umbo. Sisi tunataka abaki na kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Hatuanzi patupu. Wataalamu wa Web Application Security Consortium walikuwa na mradi wa namna hii, Web Hacking Incident Database. Walichukua matukio ya wavuti peke yake, wakaacha virusi vya kompyuta na laputopu zilizoibiwa, na kila tukio wakalipanga kwa mbinu iliyotumika, udhaifu uliotumiwa na matokeo yake. Mpango huo tumeuchukua jinsi ulivyo. Kutenganisha mbinu na udhaifu ndiko kunakotupa faida, maana mbinu ni ya mshambuliaji na udhaifu ni wetu. Hatuna uwezo wa kumzuia mtu asijaribu, ila ukurasa wetu tunaweza kuurekebisha.

Tuko wachache, kila mtu na kazi yake ya mchana: Mombasa, Nairobi na Dodoma. Jedwali lenyewe ni la kawaida kabisa, na tumeliacha hivyo kusudi, ili mtu yeyote aweze kulifungua kwa simu.

Januari, wiki ya pili

Leo ilikuwa siku ya masharti. Tumebishana sana kuhusu chanzo kinachokubalika. Tumeafikiana kwamba tukio litaingia kama mwathirika mwenyewe amekiri, au mdhibiti ameamua, au mahakama imetoa hukumu, au ripoti ya uchunguzi imechapishwa na kampuni husika haikuikanusha. Majigambo ya mdukuzi peke yake hayatoshi. Watu hudai wameiba kanzidata nzima, yaani hifadhi yote ya data ya mfumo, kumbe wameokota orodha ya zamani.

Sharti la pili nililisimamia mimi na sitalegeza kamba: hatugusi tovuti ya mtu. Hatujaribu fomu, hatupekui sava, hata kama tunahisi mwanya upo pale pale machoni petu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na zote mbili zinahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa, hata kama nia ni njema. Tena mradi wa kuelimisha ukianza kwa kuchungulia nyumba za watu utakuwa umejivunjia heshima kabla ya kusikilizwa.

La tatu: hatuweki kiungo cha data iliyovuja, wala hatutaji jina la mteja yeyote aliyeathirika. Hilo halikuhitaji mjadala.

Januari, mwisho

Rekodi ya kwanza iliyokamilika ni TalkTalk, kampuni ya simu na intaneti ya Uingereza. Nimeichagua kwa sababu ofisi ya Kamishna wa Habari ya nchi hiyo, ICO, iliandika uamuzi wake kwa kina ambacho mtengeneza programu anaweza kukitumia.

Shambulizi lilifanyika kati ya tarehe 15 na 21 Oktoba 2015. Data za wateja 156,959 zilichukuliwa: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za simu na barua pepe. Kwa 15,656 kati yao, namba za akaunti za benki nazo zilikwenda. Mbinu ilikuwa kuchomeka SQL, yaani kuandika amri ya kanzidata mahali ambapo ukurasa ulitarajia neno la kawaida, na ukurasa ukaifikisha amri hiyo kama ilivyo.

Hapo ndipo habari nyingi zilipoishia. Uamuzi wa ICO ukaendelea. Kurasa zilizopenywa zilikuwa tatu, nazo hazikujengwa na TalkTalk. Zilikuja na biashara ya Tiscali nchini Uingereza, ambayo TalkTalk iliinunua mwaka 2009. Kampuni haikujua kwamba kurasa hizo bado zilikuwa hewani na bado zilikuwa zimeunganishwa na kanzidata ya wateja. Programu ya kanzidata yenyewe ilikuwa toleo la zamani lenye kasoro iliyokwisha kutangazwa tangu 2012, na marekebisho yake yalikuwa yanapatikana kwa zaidi ya miaka mitatu. Zaidi ya hayo, kurasa hizo hizo zilikuwa zimeshambuliwa kwa mbinu hiyo hiyo tarehe 17 Julai 2015, kisha tena mwanzoni mwa Septemba. Hakuna aliyekuwa akiziangalia, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Faini ilikuwa pauni 400,000, kubwa kuliko zote ambazo ICO ilikuwa imewahi kutoza hadi siku hiyo, Oktoba 2016. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani alikuwamo kijana wa miaka 17.

Nimeijaza safu ya udhaifu mara tatu, kila mara nikiongeza neno. Mwanzo niliandika "fomu isiyochuja data". Nikaongeza "kanzidata isiyosasishwa". Kisha nikaongeza kile ninachoamini ndicho kiini: "ukurasa uliosahauliwa". Mtu anaweza kuandika msimbo safi kwa miaka mitano mfululizo na bado akavamiwa kupitia ukurasa wa kampuni aliyoirithi.

Februari

Mwenzetu wa Nairobi amechukua rekodi za Kenya, na mwezi huu karibu wote umekwenda huko.

Januari 2012, tovuti 103 za serikali ya Kenya zilibadilishwa kurasa zao usiku mmoja. Aliyefanya hivyo alijiita direxer, kutoka Indonesia. Juni 2019, kundi lililojiita Kurd Electronic Security Team liliandika jina lake kwenye tovuti kadhaa za serikali, zikiwemo ya NYS, huduma ya vijana kwa taifa, na ya IFMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia fedha. Safu ya matokeo imejaa bila shida: kurasa kubadilishwa. Safu ya udhaifu tumeiandikia "haikutangazwa", tena tukaipaka rangi nyekundu.

Hiyo nyekundu ndiyo inayonikera. Tovuti zaidi ya mia zinaanguka kwa usiku mmoja. Mtu yeyote wa fani hii akisikia hivyo atauliza kama zilikuwa kwenye sava moja, kama zilitumia programu moja ya kuendeshea tovuti, kama nywila ya msimamizi ilikuwa moja. Majibu hayo yangewafaa mafundi wa kaunti, wa vyuo na wa mashirika kwa miaka iliyofuata. Baada ya miaka saba ikatokea tena kwa sura ile ile, na fundi kijana aliyeajiriwa katikati ya matukio hayo mawili hakuachiwa hata ukurasa mmoja wa kumwelekeza.

Tukio la eCitizen, lango la huduma za serikali ya Kenya mtandaoni, la Julai 2023 limetugawa. Kundi la Anonymous Sudan lilifurikisha mfumo kwa maombi ya bandia mpaka huduma zikakwama. Waziri wa habari na teknolojia wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulizi tarehe 27 Julai na kusema hakuna data iliyopotea. Wananchi waliona athari kila upande: maombi ya pasipoti yalikwama, tokeni za umeme zilisumbua kununua, tiketi za treni pia, na wageni ikabidi wapewe viza wakishatua kwa sababu mfumo wa viza ya mtandaoni haukupatikana. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili Wasudani kwa kuliendesha kundi hilo.

Mwenzetu wa Dodoma alisema tusiliingize, kwa kuwa hakuna tundu lililopenywa kwenye programu. Hoja yake ina uzito. Nami nilisema liingie, na ndivyo tulivyoamua, kwa sababu mbili. Web Hacking Incident Database, daftari lile tulilolifuata, nalo liliandika kukwama kwa huduma kama matokeo. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: huduma zaidi ya 5,000 zikipita mlango mmoja, huo ni uamuzi wa ujenzi, na uamuzi wa ujenzi unaweza kuwa udhaifu. Mama aliyekaa gizani kwa kukosa tokeni ameathirika sawa na aliyeibiwa namba ya benki. Safu ya udhaifu tumeandika: "huduma nyingi zategemea lango moja".

Machi, mwanzo

Namba zinatusumbua. TalkTalk siku za kwanza ilihofia wateja wake wote milioni 4, ikaishia 156,959. Equifax, kampuni ya Marekani inayohifadhi taarifa za mikopo ya watu, ilikwenda upande wa pili: Septemba 2017 ilitangaza watu milioni 143, Oktoba ikasema milioni 145.5, Machi 2018 ikafika milioni 147.9. Anayenakili namba ya siku ya kwanza na kuondoka atawadanganya wasomaji bila kukusudia. Kuanzia sasa kila rekodi ina namba mbili, ya tangazo la kwanza na ya mwisho inayojulikana, kila moja na tarehe yake.

Tukiwa kwa Equifax, rekodi yake nayo imekamilika. Nimeipanga kwa tarehe peke yake, maana tarehe zinajieleza. Tarehe 7 Machi 2017 watengenezaji wa Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, walitangaza kasoro kubwa pamoja na marekebisho yake. Siku mbili baadaye agizo la kusasisha lilizunguka ndani ya Equifax kwa barua pepe. Tarehe 15 Machi mifumo ilikaguliwa kwa programu ya kutafuta kasoro, nayo haikuliona lango la malalamiko ya wateja ambalo lilikuwa likitumia Struts. Tarehe 13 Mei wavamizi wakaanza kupekua kanzidata. Walikaa humo hadi mwisho wa Julai.

Kwa nini hawakuonekana muda wote huo? Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yanayotoka, lakini cheti chake cha usimbaji kilikuwa kimeisha muda kwa miezi mingi, kwa hiyo data iliyofungwa ilipita bila kusomwa. Cheti kilipobadilishwa tarehe 29 Julai, mawasiliano ya ajabu yalionekana siku hiyo hiyo. Cheti! Kitu ambacho kila mwenye tovuti hukilipia au hukipata bure na kukisahau mpaka brauza ianze kulalamika. Nimeongeza safu mpya kwenye jedwali: "waligunduliwaje".

Machi, katikati

Darasa letu la kwanza lilikuwa kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo hapa pwani. Tulialikwa kuzungumza na mafundi wao pamoja na kamati. Mwenyekiti, mzee mwenye busara zake, alitusikiliza kuhusu Uingereza na Marekani, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, hao ni wakubwa. Sisi wadogo namna hii, nani atatufuata?"

"Mzee, hakuna anayetufuata kwa majina," nikamjibu. "Wanatuma programu, inagonga kila mlango duniani. Ukiwa wazi, inaingia. Haijui hata chama chenu kinaitwaje."

Nikamwonyesha rekodi ya Drupal. Tarehe 15 Oktoba 2014 waendeshaji wa Drupal, programu inayotumiwa na tovuti nyingi za mashirika na serikali, walitangaza kasoro ya kuchomeka SQL kwenye toleo la 7 na kutoa marekebisho papo hapo. Wiki mbili baadaye wakatoa onyo lisilo na kificho: kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikurekebishwa ndani ya muda wa saa saba tangu tangazo, mwenyewe achukulie kwamba imeshavamiwa. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki tangazo lilitoka saa 1 jioni. Mwisho wa usalama ulikuwa saa 8 usiku. Fundi aliyefunga ofisi saa 11, akala na kulala, aliamka amechelewa. Mwenyekiti akamgeukia kijana wao wa kompyuta na kumuuliza hayo matangazo huyapata vipi. Kijana hakuwa na jibu siku hiyo, lakini kabla hatujaondoka alikuwa amejiandikisha kupokea arifa za usalama za kila programu wanayoitumia.

Saa ya pili tulibaki na mafundi peke yao, tukashughulikia kuchomeka SQL kwa mfano wa nyumbani. Niliwauliza kama wamewahi kupata malalamiko ya mwanachama anayeitwa Ng'ang'a au Nyang'oro kwamba fomu inagoma. Wote walicheka, wanayajua malalamiko hayo. Basi tukaandika ubaoni swali ambalo msimbo mbovu huitengenezea kanzidata:

SELECT * FROM wanachama WHERE jina = 'Ng'ang'a'

Kanzidata inasoma kuanzia alama ya kwanza ya kufungulia. Inakutana na alama iliyo ndani ya jina, inadhani jina limeisha pale, yaani "Ng". Kinachofuata, "ang", inakichukulia kuwa amri, haiielewi, inatoa kosa. Mara nyingi ukurasa humwonyesha mtumiaji kosa hilo lote, pamoja na jina la jedwali. Mzee Ng'ang'a hakufanya lolote ila kuandika jina alilopewa na babake, na tayari ameonyesha kwamba chochote kitakachoandikwa kwenye kisanduku kile kinaweza kugeuka amri. Mwenye nia mbaya ataandika kitu kingine baada ya alama ile, nacho kitaeleweka.

Palepale mmoja wao akasema dawa yao ni kukataza alama hiyo. Mfumo humlazimisha mtu aandike Nganga. Nilitaka sana hoja hii itokee, maana dawa hiyo nimeiona kwenye mifumo mingi. Kwanza inamnyang'anya mtu jina lake, halafu anakuja kukataliwa mkopo kwa sababu jina halilingani na kitambulisho. Pili haizibi kitu. Pale ukurasa unapopokea namba, tuseme namba ya mwanachama kwenye anwani ya ukurasa, swali halina alama za kufungulia kabisa, na mtu anaweza kuongeza OR 1=1, sharti lililo kweli siku zote, bila kugusa alama yoyote iliyokatazwa. Kanzidata ikatoa wanachama wote.

Dawa yenyewe ni swali lililoandaliwa kabla: unaipelekea kanzidata swali likiwa na nafasi tupu, inalielewa na kulifunga, ndipo unaileta data peke yake ijaze nafasi. Data ikifika hapo haiwezi tena kuwa amri, iwe ni Ng'ang'a au ni balaa. Kila lugha wanayotumia ina namna ya kufanya hivyo. Tulibadilisha ukurasa mmoja wa majaribio, tukaandika Ng'ang'a, ukakubali. Tukaandika lile balaa, ukatafuta mwanachama mwenye jina hilo na kusema hayupo.

Mbinu hii ilielezwa hadharani kwa mara ya kwanza Desemba 1998, kwenye jarida la Phrack, na Jeff Forristal aliyekuwa akitumia jina la Rain Forest Puppy. Baadhi ya mafundi waliokuwa darasani walikuwa hawajazaliwa.

Aprili

Mwezi wenye kazi nyingi za mkate, rekodi chache.

British Airways imeingia. Kati ya 21 Agosti na 5 Septemba 2018, skripti, yaani kijiprogramu cha ukurasani, iliyoandikwa na watu wa nje na kutumika kwenye tovuti yao iliongezewa mistari 22 tu ya msimbo. Mteja alipobonyeza kitufe cha kulipa, nakala ya alichoandika ilikwenda kwa shirika la ndege, na nyingine ikaenda baways.com, anwani ambayo mtu akiipitia kwa haraka ataiona ni ya shirika lenyewe. Malipo yalikamilika, tiketi ikafika, mteja hakuona tofauti. Wavamizi walikuwa wameingia kwanza kwa akaunti ya mfanyakazi wa kampuni ya nje iliyokuwa ikitoa huduma kwa shirika hilo. Aliyeligundua jambo hakuwa mtu wa shirika bali wa nje, naye ndiye aliyewapa habari. ICO ilitangaza nia ya kutoza zaidi ya pauni milioni 183, ikamalizia na milioni 20 mwezi Oktoba 2020.

Nimewaomba wenzangu rekodi hii iwe ya kwanza kwa kila darasa lenye watu wa maduka ya mtandaoni. Kurasa zetu za malipo zimejaa skripti za watu wengine: za kuhesabu wageni, za kuzungumza na mteja, za matangazo. Kila moja inasoma kisanduku cha namba ya kadi ikitaka.

Imeingia pia MOVEit, programu ya Progress Software ya kuhamishia mafaili. Mwisho wa Mei 2023 kundi la Cl0p liliipenya na kuiba data za mashirika zaidi ya 2,000, mengi yakiwa hayajui hata kwamba mtoa huduma wao anaitumia. Mbinu ilikuwa kuchomeka SQL, ile ile ya 1998.

Mei

Tumetumia mwezi huu kuwaandikia barua wadhibiti wa data wa Kenya na Tanzania.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 43 kinamtaka anayeshika data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inafanya kazi. Kwa hiyo majibu ya swali letu yameanza kuandikwa mahali fulani. Yanakaa kwenye mafaili.

Nchini Kenya maamuzi ya Kamishna hutangazwa, na hilo nalishukuru kwa dhati. Yale ya Septemba 2023, kwa mfano, yalihusu kampuni ya mikopo ya simu, klabu ya burudani na shule, kwa kutumia namba na picha za watu bila ridhaa. Wananchi walijifunza haki zao. Tunachoomba ni hatua nyingine juu ya hiyo: uvujaji uliotokana na mfumo ukishachunguzwa, ichapishwe njia ya kuingilia na kasoro iliyotumiwa. Kama kampuni inaogopa kuaibika, jina lifichwe. Hatuhitaji jina. Tunahitaji kujua ilikuwa kuchomeka SQL, au nywila ya msimamizi iliyokisiwa, au nakala ya kanzidata iliyoachwa wazi kwenye sava. Mistari kumi inatosha.

Tumeambatanisha rekodi ya TalkTalk kama mfano wa kile ambacho uamuzi wa mdhibiti unaweza kumfundisha mtu aliye maelfu ya kilomita kutoka ulikotolewa. Barua moja imekwenda Nairobi, nyingine Dodoma, na mwenzetu wa huko ameipeleka kwa mkono na kupata muhuri wa kupokelewa.

Juni

Rekodi mbili za mwisho kabla hatujafungua daftari kwa wote, na zote mbili hazina mbinu ya kusifiwa.

First American, kampuni ya Marekani ya hati za nyumba na ardhi. Mei 2019 mwandishi Brian Krebs aliripoti kwamba nyaraka takriban milioni 885, za tangu 2003, zilisomeka na yeyote. Ulihitaji kiungo cha hati moja, ukabadilisha tarakimu kwenye anwani, ikafunguka hati ya mtu mwingine. Hakuna aliyeulizwa nywila. Nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu mifumo ya matokeo ya mitihani, risiti na barua za kazi nyingi hujengwa hivi hivi: kiungo chenye namba, na imani kwamba hakuna atakayeibadilisha namba hiyo. OWASP, shirika la wataalamu wa usalama wa programu za wavuti, iliweka kasoro za aina hii nafasi ya kwanza katika orodha yake ya hatari kumi ya mwaka 2021.

Optus, kampuni ya simu ya Australia, Septemba 2022, hadi wateja milioni 9.8. Kwa mujibu wa mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, ACMA, kosa la msimbo la mwaka 2018 liliondoa ulinzi kwenye API, mlango ambao programu hutumia kuombana data. Mwaka 2021 kampuni iliona kosa hilo kwenye tovuti yake kuu, ikalirekebisha. Anwani ya pili, iliyokuwa imelala bila kazi, ikaachwa na kosa lile lile, wazi kwa intaneti nzima.

Mwenzetu wa Nairobi aliisoma rekodi hiyo na kusema, "Hii ni Tiscali nyingine." Ndivyo. Lango la Equifax ambalo ukaguzi haukuliona nalo ni wa ukoo huo. Tumekubaliana kuongeza safu mbili kwenye jedwali, tukarudi kuzijaza kwa kila rekodi tuliyokwisha kuandika: "ukurasa ulijengwa lini" na "nani alikuwa na jukumu nao siku ya tukio". Ya pili mara nyingi tunaijaza "hakuna".

Kijana wa chama cha akiba amepiga simu wiki hii. Baada ya darasa aliorodhesha kila anwani inayoelekea kwenye sava yao na kukuta fomu ya zamani ya uanachama, iliyojengwa na mkandarasi aliyekwisha ondoka, bado inaandika kwenye kanzidata ile ile ya akiba. Ameizima. Ametuomba orodha ya ukaguzi awapelekee vyama jirani, na mimi nimeanza kuiandika jioni hii. Swali la kwanza ndani yake: taja kila ukurasa wenu ulio hewani, na kando ya kila mmoja andika jina la mtu aliye zamu.